Mama wa watoto saba na chupa ya usiku: uchambuzi wa kisa cha ndoa inayokataa kuzuia uzazi

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia. Hakuna familia moja halisi iliyo nyuma yake, ila kila kipande chake hujirudia kliniki popote wanandoa wanapoamini kwamba tumbo la uzazi ni mali ya Mungu na binadamu hana ruhusa ya kulifunga. Tumekiandika kirefu kwa sababu wahudumu wengi hukiharibu ndani ya dakika tano za kwanza, na anayelipa gharama ni mama.

Waliokuja

Mama ana miaka 34. Amebeba mimba 8. Moja iliharibika katika wiki ya 9, saba zikaleta watoto hai. Watano wa kwanza alijifungua kwa njia ya kawaida. Wa sita alilala mkingamo, jambo linalowapata zaidi waliozaa mara nyingi kwa kuwa misuli ya tumbo na ya mfuko wa uzazi imelegea, akatolewa kwa upasuaji. Mimba ya wa saba iliingia wakati huyo wa sita ana miezi 7 tu. Shinikizo la damu lilipanda hadi 150/95 katika wiki za mwisho, mama akapasuliwa tena, akapoteza karibu lita moja na nusu ya damu na kuongezewa chupa mbili. Sasa mtoto ana wiki 6 na ameletwa kwa chanjo. Shinikizo la mama limeshuka hadi 124/80, lakini damu yake ni gramu 9.4 kwa desilita. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 tayari ana upungufu.

Mume amefuatana naye. Ni mtu mpole, ndiye aliyembeba mtoto. Kanisa lao linafundisha kwamba watoto ni mishale na heri yake aliyelijaza podo, kama isemavyo Zaburi 127, na kwamba agizo la kuzaa na kuongezeka katika Mwanzo 1:28 halijafutwa popote. Kwao vidonge, sindano, vijiti, kitanzi, kondomu na kufunga kizazi ni kitu kimoja. Kumwaga nje pia wanakukataa, kwa sababu ya Onani wa Mwanzo 38. Hata kuhesabu siku, mume anasema ni kumwekea Mungu kalenda.

Dakika tano zilizofunga mlango

Mhudumu wa kwanza alisoma kadi, akamgeukia mama mbele ya mumewe: "Mama, saba hawatoshi?" Mume akajibu kwamba atoaye ndiye alishaye. Mhudumu akauliza watasomeshwa kwa fedha ipi. Mume akasimama. Kwa kutaka kuokoa jahazi, mhudumu akasema vijiti "havihusiani kabisa na yai," akampa mama kipeperushi, kisha akaandika kwenye kadi: *Amekataa uzazi wa mpango.*

Kumuuliza mama mbele ya mumewe ni kosa linalojulikana na kila anayefunzwa kazi hii, kwa hiyo hatutalikalia. Kuanza na idadi ndiko kulikovunja mazungumzo. Kwa ndoa hii idadi ya watoto ni jambo la utii, halipimwi kwa kipato. Ukiuliza habari za ada, baba anasikia kwamba humwamini Mungu wake, naye hana budi kumtetea. Kikao kinageuka kuwa kesi ya imani, na kesi hiyo mhudumu hana sifa ya kuiendesha. Atanukuu mstari mmoja, atajibiwa kwa kumi.

Kauli kuhusu yai haikuwa kweli, na tutaona baadaye kwa nini uongo mdogo wa namna hiyo ni ghali. Lakini linalotuuma zaidi ni yale maneno manne kwenye kadi. Kila atakayeifungua kadi hiyo atakutana na mwanamke aliyekataa, wala hatamuuliza tena. Na mama hakuwa amekataa kitu. Hakuwa hata amefungua mdomo.

Maswali matatu ndani ya neno moja

"Uzazi wa mpango" ni jina linalobeba maswali matatu kwa mkupuo: watoto wangapi, wapishane kwa muda gani, na kwa njia ipi. Imani ya ndoa hii ina jibu kali kwa la kwanza: atakavyo Mungu. Ina jibu kali kwa la tatu: si kwa dawa wala kifaa. Kwa swali la pili haina jibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo likiwa peke yake. Hapo ndipo penye nafasi ya kufanya kazi bila kumgombeza mtu na dini yake.

Ni lazima kwanza ujue mpaka wa katazo umepita wapi, maana dini na madhehebu hayafanani hata kidogo. Agosti 1930 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, walifungua mlango wa kwanza wa kuzuia mimba kwa azimio la 15. Miezi michache baadaye, tarehe 31 Desemba 1930, Papa Pius XI akaufunga kwa upande wa Wakatoliki katika waraka wa Casti Connubii. Hata hivyo Pius XII, akizungumza na wakunga tarehe 29 Oktoba 1951, alikubali kwamba wanandoa wenye sababu nzito wanaweza kutumia siku zisizo na rutuba, na Humanae Vitae ya Paulo VI ya tarehe 25 Julai 1968, pamoja na ukali wake wote juu ya kinga, haikuuondoa ukubali huo. Kwa hiyo Mkatoliki anayekataa vidonge anaweza kabisa kujifunza kusoma ute wa ukeni na joto la mwili, na ukimpeleka huko unamsaidia kuishi anachoamini. Kwa Waislamu kuna hadithi ya Jabir kwamba masahaba walikuwa wakifanya azali, yaani kumwaga nje, wakati Kurani inateremshwa. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiona inaruhusiwa, na wanazuoni wengi leo huzilinganisha nayo njia za muda zinazotumiwa kwa ridhaa ya wote wawili, huku kufunga kizazi kabisa wakikuachia dharura. Juu ya hayo kuna aya ya 2:233 inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha.

Ndoa yetu hii iko karibu na vuguvugu linaloitwa Quiverfull, lililokua miongoni mwa Waprotestanti wa Marekani tangu miaka ya 1980. Hawa hawakubali hata siku za rutuba. Ukiwaletea hoja za Kikatoliki unawakosea, na ukiwaletea hoja za Kianglikana unawakosea zaidi. Mhudumu asiyejua tofauti hizi hutoa jibu sahihi kwa mtu asiye yule aliye mbele yake.

Dakika kumi za mama peke yake

Mkunga aliyepokea kisa siku ya pili alimwomba baba ampeleke mtoto kupimwa uzito, jambo la kawaida lisilomtia mtu wasiwasi. Akabaki na mama. Hakuuliza kama anataka kuzuia. Aliuliza: "Mama, ukiwaza mimba nyingine, ungependa ije lini?"

Jibu lilikuja bila kusita: "Sikatai watoto. Naomba pumzi. Hata miaka miwili tu."

Swali lililofuata ni la lazima, wala lisirukwe kwa kuwa mume anaonekana mpole: "Usiku ukimwambia baba kwamba leo hapana, kunatokea nini?" Mama akasema husikitika, halafu hulala. Angejibu kwamba anaogopa, au kwamba hana ruhusa ya kusema hapana, kisa kingegeuka. Kingekuwa kisa cha usalama kabla ya kuwa cha uzazi, na mazungumzo yoyote na mume yangesimama mpaka mama awe na mahali pa kukimbilia na mtu wa kumwamini.

La tatu ni kumwambia wazi kwamba mwili ni wake na idhini ni yake: akitaka njia bila mume kujua, atapewa na siri itatunzwa. Hapo lazima aelezwe pia yanayoumbua siri. Sindano ya miezi mitatu haionekani, lakini huvuruga hedhi, na mume anayefuatilia hedhi atahoji. Vijiti huguswa kwa kidole chini ya ngozi ya mkono. Kitanzi cha shaba huacha nyuzi zinazoweza kukatwa fupi, ila huongeza damu ya hedhi, na kwa mwenye damu 9.4 hilo si dogo. Vidonge vyenye homoni mbili havimfai sasa kwa vyovyote: ananyonyesha, mtoto ana wiki 6, na shinikizo lake limetoka kupanda juzi.

Mama alikataa siri. Alisema imani ni yake pia. Tunasisitiza hapa kwa sababu kuna makosa mawili yanayotazamana. Moja ni kudhani kila mke wa ndoa ya namna hii ni mfungwa anayengoja kuokolewa. La pili ni kudhani kila anayesema ameridhika ameridhika. Dawa ya yote mawili ni zile dakika kumi, na kuzirudia kila anapokuja.

Aliuliza jambo moja: ni kweli kwamba njia hizi huua mimba changa? Mkunga hakumpamba. Kondomu huzuia mbegu kufika. Sindano na vijiti hufanya kazi hasa kwa kuzuia yai lisipevuke na kwa kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipite. Kwa hiyo yule wa kwanza aliyesema vijiti havihusiani na yai alikosea. Shaba ya kitanzi hudhoofisha na kuua mbegu kabla hazijalifikia yai, na ndiyo kazi yake kuu, ingawa sayansi haiwezi kuapa kwamba hakuna kamwe athari baada ya yai kurutubishwa. Mwenye imani kali atazitafuta habari hizi mwenyewe. Akigundua ulimficha nusu, hatakuamini hata utakapomwambia kwamba kovu lake la upasuaji linaweza kuchanika.

Kadi saba mezani

Jambo lililogeuza kisa lilikuwa kwenye karatasi. Mkunga aliomba kadi za kliniki za watoto wote, akaziweka kwa mfuatano, akaandika miezi kati ya uzazi mmoja na mwingine: 29, 27, 30, 26, 17, 16. Kisha akauliza kila mtoto alinyonya vipi. Wanne wa kwanza walinyonya maziwa ya mama tu mpaka walipoanza kula. Kuanzia wa tano, mama alipokuwa amezidiwa na kazi, maziwa ya kopo yaliingia kwenye usiku, chupa mbili au tatu. Huyu mchanga naye anapewa chupa mbili tangu wiki ya tatu.

Hakuna njia ya kuzuia iliyotumika hata mwaka mmoja katika ndoa hii. Muda ulipungua karibu nusu kwa sababu ya chupa.

Watu wanaomwachia Mungu tumbo huwa hawajaelezwa hili. Wahutterite wa Amerika Kaskazini, jamii ya Kikristo isiyozuia uzazi, katikati ya karne ya 20 walikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 10 kwa mama, wakipishana karibu miaka 2. Wakung wa jangwa la Kalahari, nao bila kinga yoyote, walikuwa na watoto karibu 5, wakipishana takriban miaka 4. Tofauti ina sababu kadhaa, lakini kubwa ni kwamba mtoto wa Kikung alinyonya mara kadhaa kwa saa moja na kulala kifuani mwa mama kwa miaka. Kufyonza kwa chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, ubongo ukapunguza mapigo ya homoni zinazoamsha yai. Mfululizo huo ukikatika kwa saa nyingi, hasa usiku, yai huamka.

Maana yake kwa ndoa hii ni nzito. Nafasi kati ya watoto imeumbwa mwilini tayari. Chupa ya usiku ndiyo iliyoingilia kati. Mume alikaa kimya kwa muda mrefu mbele ya zile namba sita, halafu akasema: "Kumbe sisi ndio tuliotia mkono."

Hatusemi hoja hii itamgusa kila mtu. Ila inatoka ndani ya imani yake mwenyewe, na ni kweli kisayansi, na ni nadra hoja moja kuwa na sifa zote mbili.

Kurudisha titi

Kunyonyesha huzuia mimba kwa asilimia 98 kama masharti matatu yanatimia kwa pamoja. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 ndio walioafikiana juu yake. Mtoto awe hajafikisha miezi 6. Hedhi iwe haijarudi. Damu ya siku 56 za kwanza baada ya kujifungua haihesabiwi. Na mtoto anyonye tu, au karibu tu, mchana na usiku, pasipite zaidi ya saa 4 mchana au saa 6 usiku kati ya mnyonyo mmoja na mwingine. Sharti moja likianguka, kinga imeanguka siku hiyohiyo.

Mama huyu alikuwa nje ya masharti kwa sababu ya zile chupa mbili, kwa hiyo hatua zilikuwa hivi. Chupa ya kwanza iliondolewa kwa kumweka mtoto titini kila saa mbili kuanzia jioni, siku tano mfululizo. Ya pili iliondolewa katika siku tano zilizofuata. Mtoto alinyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, titi zote mbili kila mara. Uzito ulipimwa kila wiki, maana mtoto wa umri huu anapaswa kuongeza kama gramu 20 hadi 30 kwa siku, na nepi ziloane angalau sita kwa siku. Pasipokuwa na hayo, chupa ingerudi bila mjadala, kwa sababu afya ya mtoto haiwekwi rehani. Mama alianzishiwa vidonge vya madini ya chuma na foliki, na baba akachukua kazi za nyumbani za usiku. Hilo la mwisho si adabu tu. Chupa iliingia kwa sababu ya uchovu, na uchovu usipoondolewa chupa itarudi.

Katika zile siku kumi za mpito, na wiki moja zaidi, wanandoa walijizuia, kwa kuwa masharti yalikuwa hayajakamilika. Hapa ndipo wengi huteleza: huhesabu kinga tangu siku waliyoamua kunyonyesha. Ihesabiwe tangu siku masharti yanapotimia. Kosa lingine ni kukamua. Mama akikamua na mtoto akanyweshwa kwa kikombe, mtoto anashiba vizuri, lakini ubongo haupati habari ileile kama wa kufyonza, na hatari ya mimba huongezeka. Na kosa kubwa kuliko yote ni kusema "nitasubiri nione hedhi kwanza." Yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, na wapo wanaopata mimba bila kuiona hedhi hiyo kabisa, hasa miezi 6 ikishapita.

Kadi nayo ilisahihishwa. Maneno ya zamani yalipigwa mstari, chini yake pakaandikwa: *Anataka nafasi ya miaka 2. Imani ya ndoa hairuhusu dawa wala kifaa. Ananyonyesha pekee tangu wiki ya 8. Makovu 2. Aulizwe tena kila ziara, akiwa peke yake.*

Kikao na mzee wa kanisa

Kilikuwa kifupi. Mkunga alieleza kovu, damu na zile namba sita za miezi, hakugusa maandiko. Aliweka kipimo kimoja mezani: ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kusubiri angalau miezi 24 baada ya mtoto kuzaliwa kabla ya kutafuta mimba nyingine, na miezi 6 baada ya mimba kuharibika. Hata miaka mizuri ya mama huyu, ukitoa miezi tisa ya mimba, haikufikia hapo. Mzee ndiye aliyefungua 1 Wakorintho 7:5, panaposemwa wanandoa wasinyimane isipokuwa wamepatana kwa muda ili wasali. Mstari huo hutumiwa mara nyingi kumfunga mke asiseme hapana. Mzee alisoma neno "kupatana" mara mbili na kumwambia mume kwamba mapatano ya mtu mmoja si mapatano. Kunyonyesha, akasema, hakujawahi kuwa dhambi kwa yeyote.

Hilo tu ndilo lililohitajika kwake. Mhudumu anayemwita kiongozi wa dini ili amsaidie kumshinda muumini hupoteza wote wawili. Mwite aseme mpaka uko wapi.

Mwezi wa tano

Mambo yaliharibika kwa njia ya furaha. Katika wiki ya 20 mtoto alianza kulala saa tisa mfululizo, mama naye akalala, na hakuna aliyetaka kumwamsha mtoto aliyetulia. Wiki ya 22 hedhi ikarudi. Mama alilijua hilo kuwa ni mwisho wa kinga kwa sababu alikuwa ameelezwa mapema, akamwambia mume siku hiyohiyo. Walijizuia kabisa kwa wiki mbili huku mume akisumbuka moyoni kuhusu kitakachofuata. Hakutaka kalenda. Mwishowe alikubali kwamba siku za kupatana wanazichagua wenyewe, na mke asipozijua siku zake hawezi kupatana kwa akili.

Kalenda isingefaa kwa vyovyote. Njia ya siku maalumu, ile ya kujiepusha kuanzia siku ya 8 hadi ya 19 kwa kufuata shanga 32 ambazo 12 kati yake ni nyeupe, inamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Baada ya kujifungua inabidi kusubiri hedhi nne, na mzunguko wa mwisho uwe umerudi kwenye kipimo hicho. Joto la mwili nalo hupanda angalau sehemu mbili za kumi za nyuzijoto, yaani 0.2, yai likishapevuka, lakini linahitaji kupimwa saa ileile baada ya usingizi wa kutosha, na mama wa mchanga usingizi huo hana.

Ilibaki njia ya siku mbili. Kila jioni mama anajiuliza: je, leo nimeona ute wowote? Je, jana? Likiwapo "ndiyo" moja, anajihesabu kuwa katika rutuba. Majibu yakiwa "hapana" mara mbili mfululizo, mimba ni vigumu kuingia. Sababu yake ni kwamba yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu zinaweza kungoja hadi siku 5 ndani ya ute mzuri. Yanayochanganya ni shahawa za jana zikidhaniwa ute, na uchafu wa maambukizi: ukiwasha, ukinuka au ukiwa mzito kama maziwa yaliyoganda, si ute, ni wa kutibiwa.

Namba aliambiwa bila kupunguzwa. Katika wanawake 100 wanaotumia njia hiyo kwa mwaka bila kosa, 4 hupata mimba. Kwa jinsi watu wanavyoitumia kweli, 14. Kwa vijiti haifiki 1. Bila chochote ni 85. Kwa mwenye makovu mawili tungependa ile ya chini ya 1, na mkunga alisema hivyo waziwazi, mara moja, kisha akanyamaza. Uchaguzi ulikuwa wa mama, naye aliufanya akijua.

Mtoto akiwa na miezi 16, mama hakuwa na mimba, na damu ilikuwa 12.3.

Mimba ya tisa

Mimba nyingine inaweza kuja, na ndoa hii itaipokea kwa shangwe. Kuiandalia mapema ni sehemu ya kisa, na ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa wahudumu humaliza hamu yao pale njia inapokataliwa. Mpango uliwekwa kwenye kadi kabla haijatungwa.

Afike kliniki mara hedhi ikikosekana, asingoje tumbo lionekane. Aspirini ya miligramu 75 kwa siku ianze kabla ya wiki ya 20, kwa sababu ya shinikizo lililopita. Picha ya kondo la nyuma ipigwe katikati ya mimba na kurudiwa karibu na wiki ya 32, kuona kama limekaa chini juu ya kovu. Hili ndilo la kuogopwa kuliko yote: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wanawake ambao kondo lilikaa chini na walikuwa wakifanyiwa upasuaji wa tatu, kama 40 kati ya 100 kondo lao lilikuwa limejizamisha ndani ya ukuta wa kizazi. Kondo la namna hiyo halibanduki. Kulivuta ni kufungua bomba la damu, na mara nyingi kizazi kizima huondolewa ili mama aishi. Asijaribu uchungu nyumbani. Azalie penye chumba cha upasuaji na benki ya damu, na traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, gramu 1 iwe tayari kutolewa ndani ya saa 3 damu ikizidi.

Kuhusu damu, mzee wa kanisa aliandikisha waumini wanne wenye kundi linalomfaa. Wamepangiwa kutoa katika wiki za mwisho, siyo mwanzo wa mimba, kwa kuwa chembe nyekundu zikihifadhiwa hukaa siku 35 hadi 42 tu. Mume naye alitaka kutoa, na kundi lake linalingana. Alielezwa kwamba damu ya mume haishauriwi kupewa mke aliye katika umri wa kuzaa: mwili wake unaweza kutengeneza kinga dhidi ya alama ambazo watoto wao hurithi kwa baba, na kinga hiyo ikashambulia damu ya mtoto wa mimba ijayo. Yake itaingia benki kwa ajili ya mama mwingine.